Bei ya Kano ya Kidole

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo mkononi mwa kila mmoja wetu. Hebu kunja kidole chako, kisha ukinyooshe. Kinachokuwezesha kufanya hivyo ni kano, ile kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Kisu cha jikoni kikiteleza, au kigae cha chupa kikipita kiganjani, kano ya kukunjia hukatika na kidole hubaki kimenyooka kama kijiti. Kwa fundi cherehani au seremala, hapo kazi imesimama.

Mtu akipata ajali hiyo huko Marekani, daktari humshona, na baadaye hati ya madai hupelekwa kwenye shirika la bima. Humo kazi ya daktari haielezwi kwa maneno mengi. Huandikwa namba, mara nyingi hii: 26356. Mimi najiuliza, namba hii imetoka wapi, na inamtumikia nani?

Swali la bei ya kano si geni. Yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, Mfalme Hammurabi wa Babeli alichongesha sheria zake juu ya jiwe jeusi. Jiwe hilo lilifukuliwa huko Susa, Iran, kati ya 1901 na 1902, na sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Kwa sheria ya 221, tabibu aliyeunga mfupa wa mwungwana au kuponya kano yake alistahili shekeli 5 za fedha. Kwa mtu wa kawaida zilikuwa shekeli 3. Kwa mtumwa, bwana wake alitoa shekeli 2. Kano ni ile ile, ila mwenye nayo alipimwa kwa cheo chake. Tabibu naye hakusahauliwa: mwungwana akifa kwa kisu chake, alikatwa mkono.

Tuache Babeli tuje Marekani ya karne iliyopita. Huko kwa muda mrefu bei ilikuwa mapatano ya watu wawili, mgonjwa na daktari. Mwaka 1929, mjini Dallas, Texas, Justin Ford Kimball alianzisha mpango katika hospitali ya Baylor: walimu walichanga senti 50 kwa mwezi, na mwalimu akiugua alipata kulazwa hadi siku 21. Kutokana na mbegu hiyo ikakua bima ya Blue Cross. Hapo akaingia mtu wa tatu kati ya mgonjwa na daktari, naye ni mlipaji. Mlipaji huyu hakuliona jeraha, wala hakuwapo kwenye upasuaji. Alitaka aandikiwe.

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Mwaka uliofuata, 1966, Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa kitabu cha kwanza cha namba za kazi za madaktari, hasa za upasuaji. Zilikuwa namba za tarakimu nne, na mwaka 1970 zikawa tano. Mwaka 1983 Medicare ilizichukua kuwa lugha yake ya madai. Tangu 1 Januari 1992, kwa msingi wa utafiti ulioongozwa na William Hsiao wa Harvard, kila namba ilipewa uzito wake kwa kupima kazi ya daktari, gharama za kuendesha ofisi yake, na bima anayojikingia asije akashitakiwa.

Namba ya kazi huandamana na namba ya jeraha, na hiyo ina ukoo wake. Mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi mbalimbali ziweze kuhesabu wafu wao kwa namna moja. Mwaka 1948 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Marekani ilianza kutumia toleo la kumi kwa madai tarehe 1 Oktoba 2015, na humo mkato wa kano ya kukunjia kidole cha shahada cha mkono wa kulia huanza na S66.120. Orodha iliyobuniwa kuhesabia wafu sasa inahesabu fedha.

Turudi kwenye 26356. Maana yake ni kushona kano ya kukunjia katika eneo la pili la kidole, mahali ambapo kano mbili hupita pamoja ndani ya ala nyembamba. Sterling Bunnell, daktari wa San Francisco, alipaita nchi isiyo na mwenyewe. Aliwaonya wenzake wasishone hapo jeraha likiwa bichi, kwa kuwa kano hunata. Lakini Claude Verdan wa Uswisi mwaka 1960, na Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, mwaka 1967, walionyesha kuwa inawezekana kushona mapema na kidole kikakunjika. Hofu ilipungua, lakini jina lile la Bunnell bado limo katika maelezo ya namba hiyo.

Namba hiyo huhesabiwa kwa kila kano. Daktari akishona zote mbili, kisha akaandika tu kwamba kidole kimeshonwa, karani hana ruhusa ya kukisia, ataandika moja. Malipo ya Medicare kwa daktari mpasuaji hujumlisha siku 90 za kumwangalia mgonjwa, lakini mazoezi ya kidole kwa mtaalamu wa viungo hudaiwa mbali. Asiyemudu mazoezi anaweza kubaki na kano iliyoshonwa vizuri ndani ya kidole kisichokunjika.

Mimi sizilaani namba. 26356 haiulizi kama wewe ni mwungwana au mtumwa. Lakini kila shirika la bima hupatana bei yake, hivyo namba moja, katika hospitali moja, inaweza kuwa na bei kadhaa. Shekeli 5, 3 na 2 zimerudi kwa mlango wa nyuma. Tena kitabu cha namba ni mali ya chama kilichokitunga, na wanaokitumia hukilipia.

Mwishoni mwa jiwe lake, Hammurabi alimwita aliyedhulumiwa aje asomewe sheria, ajue haki yake. Marekani ilizitaka hospitali kutangaza bei zao kuanzia 1 Januari 2021, na mwaka mmoja baadaye ikaanza sheria ya kumkinga mgonjwa na madai ya ghafla. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfuko wake mpya Oktoba 2024. Orodha za bei zitaandikwa, hilo halikwepeki. Ninachoomba ni kwamba zitundikwe mahali ambapo mwenye kidole kilichofungwa bendeji anaweza kuzisoma, na kwa lugha anayoielewa.