Kumuuguza Asiyepona

Liko neno ambalo karibu kila nyumba katika sharika zetu imewahi kuletewa kutoka hospitali: "Mrudisheni tu nyumbani, hakuna tena la kufanya." Likishasemwa, ndugu hukunja shuka, hutafuta gari, na mgonjwa hulazwa katika chumba cha ndani. Kanisa nalo hufika. Tunaimba, tunasoma Neno, mchungaji anakuja na Meza ya Bwana, akina mama wanaleta uji na sukari. Kisha tunaaga, na usiku unaanza. Usiku huo una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzishwa na muuguzi mmoja Mkristo ambaye jina lake halisikiki sana makanisani mwetu.

Kiswahili chetu kinatusaidia kulielewa jambo hili. Daktari hutibu, lakini anayekaa na mgonjwa huuguza. Neno hilo limetoka katika kuugua kwenyewe, nasi tunalitumia sawasawa kwa muuguzi aliyevaa sare na kwa binti anayemuuguza mama yake kijijini. Tiba inaweza kufika mwisho wake. Kuuguza hakuishi mpaka mgonjwa mwenyewe apone au aondoke. Hata katika Mathayo 25, Mfalme hawasifu wale walio upande wa kuume kwa kuwa walimponya. Anawasifu kwa kuwa alipougua walikwenda kumtazama.

Cicely Saunders alizaliwa mwaka 1918 huko Barnet, kaskazini mwa London, katika familia yenye uwezo. Vita Kuu ya Pili ilimkuta akisoma Oxford. Akaacha masomo, na mwaka 1940 akaingia shule ya uuguzi katika Hospitali ya St Thomas, ile iliyoanzishwa na Florence Nightingale mwaka 1860. Hapa tusimame kidogo, maana sisi Walutheri tuna undugu na shule hiyo. Nightingale mwenyewe, mwaka 1851, alikaa miezi mitatu Kaiserswerth nchini Ujerumani, ambako Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walikuwa wamefungua nyumba ya madiakonisa mwaka 1836 ili wanawake Wakristo wafundishwe kuhudumia wagonjwa na maskini. Mwamko huohuo wa diakonia ndio uliowaleta Wabetheli Usambara, na ndio uliozaa kazi ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo, ingawa Saunders alikuwa Mwanglikana wa Uingereza, tunasimulia habari za mtu wa ukoo mmoja nasi.

Alihitimu uuguzi mwaka 1944, lakini mgongo wake ulikuwa mbovu na hakuweza kuendelea na kazi ya kuinua na kugeuza wagonjwa wodini. Akajifunza kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1945, akiwa mapumzikoni na marafiki Wakristo, alimpokea Kristo kwa imani iliyo hai, na tangu siku hizo alikuwa akimwuliza Mungu afanye nini kwa kumshukuru. Jibu lilichukua miaka mingi kufika, na lilianzia kwa mtu asiyekuwa Mkristo.

Mtu huyo aliitwa David Tasma. Alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, mhudumu wa mgahawa, umri wake kama miaka 40, na hakuwa na ndugu London. Saratani yake ilikuwa imepita hatua ya kupasuliwa. Saunders alimtembelea mara kwa mara katika miezi yake ya mwisho. Tasma hakulia sana juu ya kifo. Kilichomuuma ni kwamba ameishi bure, na hakuna atakayejua kuwa alipata kuwapo duniani. Siku moja aliomba amwambie neno la kumfariji. Saunders akamsomea kwa moyo Zaburi ya 23. Alipotaka kuchukua kitabu aendelee, Tasma akakataa: alitaka yale tu aliyokuwa nayo Saunders katika akili yake na katika moyo wake. Wakaongea juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa akitunzwa vizuri zaidi. Alifariki Februari 1948, akamwachia pauni 500, akisema atakuwa dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba yenyewe ilikuwa haipo. Ilichukua miaka 19 kuijenga kuzunguka dirisha hilo.

Jioni, baada ya kazi, Saunders alianza kujitolea kama muuguzi katika Hospitali ya St Luke's, mtaa wa Bayswater, iliyofunguliwa mwaka 1893 kwa ajili ya maskini wanaokaribia kufa. Huko aliona jambo ambalo hakulifundishwa shuleni. Katika hospitali nyingi za wakati ule mgonjwa wa saratani alipewa dawa ya maumivu baada ya kulia. Ikiisha nguvu, alisubiri mpaka alie tena. St Luke's, tangu mwaka 1935, wauguzi walikuwa wakitoa dawa kwa saa, mgonjwa akilia asilie.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini yote yanasimama juu yake. Mofini ya kunywa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Mtu anayelazimika kusubiri maumivu yarudi hujifunza kuyaogopa hata yakiwa yametulia, na hofu huyazidisha. Yakifika, dozi ya kawaida haiyashiki tena, inahitajika kubwa zaidi, nayo humlaza usingizi mzito. Akiamka, anaanza kuuliza saa ngapi. Anaomba, anaomba tena, na wodi nzima inamwita mraibu, ingawa anachokitamani ni kukaa bila kuumia. Dawa ikija kabla ya maumivu kurudi, huvunja mzunguko huo: dozi huwa ndogo, akili hubaki safi, na mgonjwa anaweza kuongea na wanawe.

Saunders alitaka kurudi katika uuguzi wa wanaokufa. Daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, akamshauri asome udaktari, kwa kuwa madaktari ndio wanaowatoroka wagonjwa hao, na hawatamsikiliza muuguzi. Ushauri huo unasema mengi juu ya jinsi wauguzi walivyohesabiwa, na hatuoni kwamba hali hiyo imekwisha. Mwaka 1951, akiwa na miaka 33, alianza udaktari; akahitimu mwaka 1957.

Mwaka uliofuata alikwenda kufanya utafiti St Joseph's, hospisi ya masista wa Kikatoliki kutoka Ireland huko Hackney, mashariki mwa London. Hapo ndipo tunapotaka wasomaji watulie. Masista wale walikuwa wamewahudumia wanaokufa tangu mwaka 1905. Waliwaosha, waliwalisha, waliwaombea, walikaa nao usiku. Kama kuna mahali ambapo upendo wa Kikristo haukupungua, ni pale. Hata hivyo wagonjwa walikuwa na maumivu, kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa saa. Saunders alileta mambo mawili tu: ratiba ya dawa aliyoiona kwa wauguzi wa St Luke's, na kadi za kumbukumbu. Akaandika habari za wagonjwa zaidi ya 1,000, akarekodi sauti zao, akawauliza maumivu yalivyo. Kadi zile zilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa mofini kwa saa hawakugeuka walevi wa dawa, wala dozi haikupanda bila kikomo. Upendo wa masista ulibaki uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa wagonjwa walipata nafuu.

Katika kuwasikiliza huko aligundua jambo jingine. Mama mmoja, alipoulizwa juu ya maumivu yake, alianza na mgongo, akaendelea na mumewe na mwanawe na shida zao, akamaliza kwa kusema jinsi alivyohitaji kujisikia salama tena. Hakutenganisha lolote kati ya hayo. Kuanzia mwaka 1964 hivi Saunders aliandika juu ya maumivu ya jumla: ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na kipato, na ya roho. Mzee wa kanisa anaposema shida ya mgonjwa ni ya kiroho, na muuguzi anaposema ni ya mifupa, huenda kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitanda kilekile.

Juni 1959, katika ibada yake ya asubuhi, alikutana na Zaburi ya 37, mstari wa 5, unaohusu kumkabidhi Bwana njia, akaelewa kwamba muda wa kujenga umefika. St Christopher's ilifunguliwa mwaka 1967 Sydenham, kusini-mashariki mwa London, na kioo cha Tasma kiliwekwa mlangoni. Utafiti uliendelea humo. Miaka ya 1970 daktari Robert Twycross alionyesha kwamba mofini ya kawaida ya kunywa inafanya kazi sawa na heroini waliyoitegemea Waingereza. Kwetu matokeo hayo yana maana kubwa kuliko hata kwao, maana unga wa mofini na maji ni kitu ambacho nchi maskini inaweza kumudu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani: dawa kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi kutoka nyepesi hadi nzito.

Afrika Mashariki mambo yalianza Nairobi, ambako Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa sista mmisionari huko Nigeria, alifanya kazi hapo, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Dawa waliyoitumia ni unga wa mofini uliochanganywa na maji na kitu cha kuzuia usiharibike, na rangi tofauti kwa nguvu tofauti ili chupa zisichanganywe. Lakini nani ataiandika? Madaktari walikuwa wachache, na wagonjwa walikuwa vijijini. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo kwa miezi tisa kuandika mofini wenyewe, jambo ambalo hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imelithubutu. Yule muuguzi ambaye Barrett alisema hatasikilizwa alipewa kalamu. Mmoja wa waliotangulia ni Rose Kiwanuka, muuguzi wa kwanza wa Uganda kubobea katika huduma hii.

Kwetu Tanzania huduma hii inaitwa tiba shufaa. Inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kanisa halikubaki nyuma: wauguzi wa Hospitali ya Selian, Arusha, walianza kuwafuata wagonjwa majumbani, na kazi hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za KKKT. Hata hivyo wagonjwa wengi bado hawaifikii, na baadhi wanaizuiwa na sisi wenyewe.

Tumesikia vitandani, tena kwa wapendwa wenye imani ya kweli, kwamba maumivu ni mtihani na kuyapunguza ni kumkimbia Mungu. Wengine hutaja Golgotha, kwamba Bwana alikataa ile divai iliyotiwa manemane. Alikataa, ndiyo, kikombe chake mwenyewe. Lakini katika Injili zote nne hatuoni mgonjwa hata mmoja aliyeletwa kwake akaambiwa arudi na maumivu yake yamfae. Tena yule Msamaria alimwaga mafuta na divai juu ya majeraha, dawa za siku zile, kabla ya kuuliza lolote juu ya imani ya mtu yule. Anayechagua kuvumilia, na achague mwenyewe akiwa na akili timamu. Ndugu na wazee wa kanisa hawana haki ya kumchagulia.

Hofu nyingine ni kwamba mofini ni dawa ya kifo, kwa kuwa waliopewa wamekufa. Wamekufa kwa saratani. Ikiletwa siku mbili za mwisho tu, ni kweli itaonekana kuwa ndiyo iliyomchukua mtu, na ndiyo sababu wauguzi wa Selian na Kampala husisitiza waitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea. Kazi hiyo ya kuita mapema inaweza kufanywa na kikundi cha diakonia. Anayemtembelea mgonjwa kila wiki anaweza kumwuliza, pamoja na kumwombea, panauma wapi, tangu lini, usiku analala saa ngapi, na kuyaandika majibu kwenye daftari ili muuguzi ayasome.

Saunders alifariki Julai 2005 kwa saratani, katika hospisi aliyoijenga mwenyewe, akiuguzwa kwa utaratibu alioujifunza kwa wauguzi wa St Luke's nusu karne kabla. Katika nyumba zetu utaratibu huo hauhitaji jengo. Muuguzi huacha chupa na kipimo, akamfundisha anayemuuguza mgonjwa, mara nyingi binti au mke, namna ya kufuata saa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi ya mwisho, mara mbili ya nyingine, ili mgonjwa na anayemuuguza wote wapate kulala.