Njia ya Shaba na Safari ya Maradhi

Afikaye Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hulakiwa na msururu wa malori yaliyosheheni mabamba ya shaba, yaliyopangana kandoni mwa barabara kuu itokayo Lubumbashi, huku madereva wakingojea karatasi za forodha, pengine siku kadhaa, wakisonga ugali juu ya mbabula za makaa kivulini mwa matela. Aghalabu watu wanapozungumza habari za Ukimwi mahali hapa huwataja kwanza madereva hao na wanawake wanaowauzia chakula, ati wao ndio walioileta balaa. Tuhuma hiyo ni dhuluma, na tarehe yenyewe yaikanusha.

Wataalamu waliochunguza nasaba ya virusi viletavyo Ukimwi, ambavyo asili yake ni sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni, walitoa matokeo yao mwaka 2014, wakakadiria kwamba vilianza kuenea kwa watu mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, yapata mwaka 1920, na kwamba vilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, kabla miaka ya 1930 haijamalizika. Kampuni ya shaba ya huko, Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilihitaji vibarua kwa maelfu. Na reli itokayo Élisabethville, iliyounganishwa hadi bandari ya Port-Francqui mwaka 1928, ikakutana hapo na meli za mto Kasai zitokazo Léopoldville. Basi maradhi yalisafiri kwa meli na kwa gari moshi pamoja na watu waliokwenda kutafuta riziki, miaka mingi kabla ya kuzaliwa hao madereva wanaolaumiwa.

Yaliwezaje kupita kimya kiasi hicho? Virusi hivi huziharibu polepole chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, hata mwenye kuvichukua aweza kukaa miaka minane au kumi naye ni mzima wa siha, akichimba au akisafiri kama wenziwe. Ukimwi ndiyo ile hali ya mwisho, kinga inapokwisha na kifua kikuu na maradhi mengine yakapata nafasi. Waama, damu iliyotolewa Léopoldville mwaka 1959 na kuhifadhiwa ilikuja kupimwa baadaye ikakutwa na virusi, ilhali ulimwengu haukupata habari za ugonjwa huu hadi mwaka 1981, wala kirusi chenyewe hakikutambuliwa ila mwaka 1983, mjini Paris.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mwanawe wakati wa mimba, uzazi au kunyonyesha. Wanaomega ugali katika sahani moja chini ya tela hawaambukizani.

Tangu mwaka 1996 tiba ya dawa kadhaa kwa pamoja imebadili mambo, na leo anayemeza vidonge vyake kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Illa dawa hizo hazitaki kukatizwa, na foleni ya forodha haijui hesabu ya vidonge vilivyobaki mfukoni. Kwa hiyo dereva aliyekwama mpakani astahili kupewa dawa katika zahanati iliyo karibu naye, upande wowote wa mpaka, hata ikiwa kadi yake iliandikwa Dar es Salaam au Ndola.