Kabla ya Mnada Kulikuwa na Mkate

Msimu wa mavuno ukifika, lawama nazo hufika. Katika sharika nyingi, za Kilutheri kwa za Kianglikana, waumini hunung'unika kwamba Sikukuu ya Mavuno imegeuzwa gulio. Mahubiri yanafupishwa ili mnada uanze mapema, jogoo mmoja anauzwa mara tatu kwa kuwa kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena, na anayepigiwa vigelegele ni mwenye kibunda. Wanaoutetea mnada hujibu kwamba bila huo paa la kanisa lingekuwa bado makuti.

Hoja ya fedha na maskini katika shukrani ya mavuno ilizuka zamani, tena ugenini. Waisraeli waliagizwa kumpelekea kuhani mganda wa malimbuko, na wasivune pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate chakula. Uingereza ya kale ilikuwa na mkate wa ngano mpya uliobarikiwa tarehe 1 Agosti, desturi iliyofifia baada ya Matengenezo ya Kanisa. Prussia ilijiwekea Jumapili yake ya mavuno mwaka 1773.

Ibada ya Kianglikana kama tunavyoijua leo, yenye kanisa lililopambwa kwa mazao, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kwa kasisi mmoja wa ajabu, Robert Stephen Hawker. Alipewa parokia ya Morwenstow, kwenye majabali ya pwani ya Cornwall, miaka ya 1830. Zaidi ya karne nzima hapakuwa na kasisi aliyekaa pale. Wakazi walikuwa wakulima fukara na vibarua, na wengine waliishi kwa magendo na kwa mali ya meli zilizovunjika miambani.

Hawker aliwazika mabaharia waliotupwa ufukweni, kazi ambayo wengi hawakuitaka. Alivaa fulana ya wavuvi na mabuti ya baharini, na alijijengea kibanda cha mbao za meli zilizovunjika, akakitumia kutungia mashairi. Sabine Baring-Gould, aliyeandika habari zake mwaka 1876, anasema paka wake walimfuata hadi kanisani, na mmoja alitengwa na ushirika kwa kukamata panya siku ya Jumapili. Wengi wameilaumu kazi ya Baring-Gould kwa chumvi, na hadithi ya paka aichukue anayeitaka.

La uhakika ni kwamba mnamo Septemba 1843 Hawker aliwaalika wanaparokia wake wakutane Jumapili ya kwanza ya Oktoba kumshukuru Mungu kwa mavuno. Katika Meza ya Bwana waligawiwa mkate uliotengenezwa kwa nafaka mpya, na mwenye shamba na kibarua wake walipokea mkate huohuo.

Ugomvi ulikuja mwaka uliofuata, na chanzo chake kilikuwa sadaka. Hawker alirudisha desturi ya kukusanya sadaka kila wiki kwa ajili ya maskini wa parokia. Wenye mali walikasirika, na John Walter, mmiliki wa gazeti la The Times la London, akaishambulia desturi hiyo. Hawker alimjibu kwa maandishi, akiwatetea vibarua wake. Kwangu mimi, jambo hili lina uzito kuliko fulana na paka wote. Mtu tunayemkumbuka kwa mapambo ya maboga alipigania pia sahani ya maskini, akagombana na gazeti lenye nguvu kuliko yote nchini mwake.

Sikukuu yake ilienea haraka. Wamisionari waliokuja kwetu Afrika Mashariki waliileta kwa milango miwili. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoweka jiwe la msingi la kanisa lake Unguja, penye soko la watumwa, mwaka 1873, ilikuwa ya Waanglikana wa mrengo uleule wa Hawker, wanaopenda ibada yenye fahari. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kalenda ya Kilutheri. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyeanza kazi huko mwaka 1902, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, siyo juu ya mtu mmoja mmoja.

Ndivyo sikukuu ilivyopendeza vijijini. Ilikuwa kazi ya nyumba nzima: mama akichagua mahindi yasiyobunguliwa, baba akibeba mkungu wa ndizi, watoto wakichukua mayai kwa tahadhari kubwa. Wasio na shamba walileta walichokishona au walichokisuka.

Mnada uliingia kwa sababu inayoeleweka, maana mazao huoza na mafundi wa paa hawalipwi kwa ndizi. Kisha simu ikachukua nafasi ya kapu. Leo mfanyakazi wa mjini hutuma fedha kwa namba ya usharika, na mtoto wake hajui kama mavuno yana uzito wa kubebwa.

Sisemi mnada ufutwe. Ila wazee wa kanisa, mwaka huu, kabla dalali hajashika kipaza sauti, tengeni kapu la wajane na wagonjwa wa jumuiya zenu, likiwa limejaa vitu vizuri kuliko vingine vyote, na hilo lisinadiwe.