Tovuti za kazi: mwajiri hulipia nini?

Mwaka 1994 Jeff Taylor alianzisha Monster Board huko Massachusetts, Marekani. Mwajiri alilipia tangazo likae kwenye tovuti, kama gazetini: lisomwe, lisisomwe, pesa zimekwenda.

Mwaka 2004 ikaja Indeed. Ilikusanya matangazo kutoka tovuti nyingine, na mwajiri aliyetaka lake lionekane zaidi alilipa kila lilipobofywa. Sasa aliweza kuhesabu. Lakini kubofya si kuajiri: unaweza kupata maombi 100 na usipate programa mmoja anayefaa.

Monster nayo iliungana na CareerBuilder mwaka 2024. Juni 2025 kampuni hiyo ikaomba mahakama iikinge na wadai.

Ewe mwajiri, usihesabu waliobofya. Hesabu uliowaajiri, na waliobaki kazini.