Wimbo na Kazi Yake: Hoja Kuhusu Muziki na Siha

Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi ya Frances Rauscher na wenzake. Wanafunzi 36 wa chuo walisikilizishwa sonata ya Mozart kwa dakika 10, na baada ya hapo wakafanya vizuri zaidi katika jaribio la kuwaza maumbo kuliko walipokuwa wamekaa kimya. Nafuu yenyewe haikufika mbali: ilidumu kama robo saa. Hilo halikumzuia Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, kuomba dola 105,000 katika bajeti ya mwaka 1998 ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe muziki wa aina hiyo. (Watoto wachanga hawakuwamo kabisa katika jaribio, lakini siasa haijali mambo madogo kama hayo.) Mwaka uliofuata Kristin Nantais na Glenn Schellenberg walilirudia jaribio hilo kwa hila moja: mahali pa ukimya wakaweka hadithi ya Stephen King. Waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi. Waliopenda Mozart walifanya vizuri baada ya Mozart. Siri, kumbe, haikuwa kwa Mozart.

Naanza na kisa hiki kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu faida za muziki huuchukulia kama kidonge: kiasi fulani, mara kadhaa kwa siku, kwa mtu yeyote. Ninachodai hapa ni kwamba muziki huufaa mwili na moyo zaidi pale wimbo unapokuwa na mwenyewe na ukawa na kazi yake. Wala dai hilo si geni kwa Waswahili. Limo katika majina ya nyimbo zetu.

Tuangalie uainishaji ambao kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amewahi kuukariri. Bembelezi humlaza mtoto. Hodiya ni ya kazi, wawe ni wa shambani, kimai ni cha baharini, nyiso ni za jandoni, mbolezi ni ya kilio. Hakuna hata jina moja hapo linalotaja ala au kasi. Kila moja linajibu swali la wimbo huu unafanya nini, na unafanywa na nani. Neno ngoma nalo limebeba chombo, uchezaji na shughuli nzima kwa pamoja, na anayepungwa pepo hupungwa kwa ngoma. John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alilinganisha uganga wa namna hii katika miji kadhaa, ikiwemo Kinshasa, Dar es Salaam na Cape Town. Aliona kwamba mgonjwa hapewi tiba akaenda zake. Huingizwa katika kundi, huzijua nyimbo, na pengine huishia kuwa mganga mwenyewe. Si lazima msomaji aamini pepo ili aone kuwa hapo mgonjwa hakai kitako kusikiliza.

Bembelezi inastahili kutuweka kidogo, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto njiti 272 katika hospitali 11 nchini Marekani. Watoto hao walipewa sauti za aina tatu: moja iliyofanana na mvumo wa tumboni mwa mama, ya pili iliyofuata mdundo wa moyo, na ya tatu wimbo uliochaguliwa na wazazi wenyewe, ukaimbwa polepole kwa mtindo wa bembelezi. Kila sauti ilikuwa na athari yake, na mojawapo ilikuwa kushuka kwa kasi ya mapigo ya moyo. Lakini ni kwa wimbo wa wazazi ambapo watoto walinyonya vizuri zaidi na kupata lishe zaidi. Kwa mtoto njiti, anayepimwa kila gramu, hilo si jambo la mapambo.

Utafiti huohuo uligundua pia kwamba wazazi walipungukiwa na mfadhaiko. Hapa mabibi zetu wangecheka, kwa kuwa hawakuhitaji kuambiwa. Ukizisikiliza bembelezi kwa makini utashangaa ni ngapi ambazo hazimhusu mtoto hata kidogo. Mama analalamikia baba aliyechelewa, njaa, mawifi, upweke wa ugenini. Mtoto haelewi maneno. Anapata sauti na mtikiso wa mgongo. Maneno ni ya mama. Wimbo mmoja unalaza mmoja na kumtua mwingine mzigo, na hauwezi kufanya kazi hiyo ya pili ukiimbwa na spika.

Hodiya nayo ina ushahidi wake. Michael Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1996 kuwa wagonjwa wa Parkinson waliofanya mazoezi ya kutembea kwa wiki 3 wakifuata mdundo waliongeza mwendo kwa takriban robo. Mdundo huuambia mguu mapema hatua inayofuata itatua lini, na misuli ikajiandaa. Wakulima wa Usukumani walioinua na kushusha majembe kwa mstari mmoja wakiimba walikuwa wakitumia kanuni hiyohiyo, tena na faida ya ziada. Bronwyn Tarr na wenzake walipima wanafunzi wa sekondari nchini Brazil mwaka 2015 wakaona kuwa waliocheza kwa kwenda sambamba walistahimili maumivu zaidi na kujihisi karibu zaidi na wenzao.

Sasa pingamizi, na si dogo. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yaliyohusu karibu wagonjwa 7,000 wa upasuaji. Muziki ulipunguza maumivu, wasiwasi na matumizi ya dawa za kutuliza, hata ulipopigwa mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Na suala la nani aliuchagua muziki huo halikuleta tofauti kubwa. Hili linaligonga dai langu usoni, nami nakubali: kwa saa chache za maumivu kitandani, kusikiliza tu kunatosha. Ila uchambuzi huohuo haukuona kuwa muziki ulifupisha siku za kulazwa. Safari ndefu ya kupona ni kitu kingine. Huko Helsinki, Teppo Särkämö na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi. Waliosikiliza kila siku, kwa miezi 2, muziki waliouchagua wenyewe walirejesha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri zaidi kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti. Katika safari kama hiyo mgonjwa alikuwa na nyimbo zake, zenye miaka yake ndani.

Ushahidi wa kinyume tunao mitaani. Anayelala Dar es Salaam jirani na vigodoro, yaani sherehe za muziki za usiku kucha, anapata muziki mwingi kuliko mgonjwa yeyote wa Helsinki, na anachoamka nacho ni kichwa kuuma. Wimbo ni uleule unaowafurahisha waliokesha uwanjani.

Kwa hiyo nina shaka na mipango ya kufunga spika wodini ikidhaniwa kuwa kazi imekwisha. Vyuo vyetu vikuu vina idara za muziki, za fasihi na za tiba. Mtafiti wa bembelezi anazo nyimbo. Daktari wa watoto anacho kipimo cha mapigo ya moyo. Waanze na wodi ya watoto njiti, na kabla ya kununua kifaa chochote, muuguzi amuulize mama swali moja: nyumbani kwenu mtoto huimbiwa nini?