Kitanda cha Mgeni: Historia Fupi ya Kulala Moshi

Kila nikitumwa Moshi kikazi, kabla hata sijakata tiketi ya basi, kuna hesabu tatu nazifanya kichwani. Ya kwanza ni gesti ya karibu na stendi: chumba self, neti yenye viraka, kandambili zilizoandikwa namba ya chumba kwa kalamu ya wino mzito ili usiondoke nazo. Nikilala hapo, nusu ya posho inabaki na mwezi unasogea. Ya pili ni hoteli ya Shanty Town. Jina lisikudanganye, huko ndiko wanakokaa wenye nazo. Nikilala huko nitaoga maji ya moto ya uhakika na kunywa chai huku Kibo akinitazama, kisha nitarudi nyumbani mfuko mtupu. Ya tatu ni mama mdogo anayekaa Pasua. Huyo hana hoteli, ila ana swali moja lisilo na jibu zuri: "Umefika Moshi unalala hotelini, kwani sisi tumekufa?"

Nilidhani hili ni tatizo langu mimi na watu wa posho wenzangu. Lakini kadiri ninavyosoma habari za mji huu na mlima wake, naona swali la mgeni alale wapi lina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Na karibu kila mara limekuja na swali jingine nyuma yake: nani analipa, na anayelipa anataka nini?

Tuanze na misafara. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipita chini ya Kilimanjaro kwenda kutafuta pembe za ndovu bara. Viongozi wa misafara walichagua pa kulala kwa makini kuliko mimi na simu yangu. Taveta ilipendwa kwa sababu ya msitu wake, maji na chakula. Watu walipumzika pale, wakajaza vyakula, wakajiandaa kuvuka nchi ya Wamasai. Kupanda juu kwa wamangi kulikuwa na faida zake na bei yake. Kulikuwa na ndizi, maziwa, ulinzi, na hongo.

Aliyeijua bei hiyo kuliko wote ni Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwandika kwa jina la Mandara. Rindi alielewa kwamba mgeni ni mali. Mmisionari Charles New alifika kwake mwaka 1871 na akapanda hadi kwenye theluji. Aliporudi kwa safari ya pili, Rindi alimpokonya vitu vyake, na New akafariki njiani akirudi pwani mwaka 1875. Mwaka 1884 Harry Johnston naye aliishi miezi kadhaa mlimani, akianzia kwa Rindi. Naye aliandika mengi juu ya mwenyeji huyo ambaye ukarimu wake ulikuja pamoja na orodha ya mahitaji.

Ni rahisi kumcheka Rindi au kumlaani. Ila fikiria upande wake. Watu wageni wanakuja na bunduki na vitambaa, wanataka kupita kwenye nchi yako, wanataka kula ndizi zako, na wanajiita wageni wako bila wewe kuwaalika. Kwa nini wasilipe? Leo ukipanda mlima kwa njia ya Marangu, kituo cha kwanza cha kulala, kwenye mita kama 2,700, kinaitwa Mandara. Wajerumani walikiita kwa jina la Bismarck. Kwa hiyo mangi yule aliyetoza wageni bado anawapokea kila usiku, na bado hakuna anayelala pale bure. Hapo historia imekuwa na ucheshi kidogo.

Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911. Moshi ya zamani, ya Rindi na mwanawe Meli ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, ilibaki huko juu mlimani. Mji tunaoujua sasa ukakua chini, kuzunguka stesheni. Mji wa stesheni lazima uwe na vitanda, na vitanda vikagawanywa kama mji ulivyogawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mzungu alikuwa na hoteli yake mjini, na akitaka kupanda mlima alikuwa na hoteli za Marangu. Mhindi alikuwa na ndugu na jumuiya yake. Mwafrika aliyeshuka kutoka Rombo au Machame kwa shughuli za mahakama, hospitali au soko alilala kwa jamaa au kwa watu wa misheni. La sivyo alipanda mlima usiku huohuo kwa miguu.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tukisema neno starehe tunafikiria fedha. Katika Moshi ya mkoloni fedha peke yake haikutosha. Kufikia miaka ya 1920 kulikuwa na Wachaga wenye fedha ya kahawa. Zao hilo lililetwa na mapadri wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, likaingia kwenye vihamba katikati ya migomba. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi. Walowezi hawakufurahi. Mwafrika anayelima kahawa hatakuja kuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mtu mwingine. Mwaka 1933 chama kile kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado linatajwa mlimani kama jina la mzee wa ukoo, kwa heshima na kwa manung'uniko.

Manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo, tusiipake historia rangi. Wakulima walilazimishwa kuuza kupitia ushirika, na mwaka 1937 hasira zilipanda mpaka watu wakavamia maghala ya kahawa. Serikali ikaleta ndege za kijeshi ziwatishe. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipaa, ikafika kileleni mwaka 1954, na KNCU ikawa na fedha ya kuamua mambo.

Wakaamua kujenga. Jengo la KNCU, lile la ghorofa karibu na mnara wa saa, ni la miaka hiyo. Kulikuwa na ofisi na maduka, na juu kukawa na vyumba vya kulala wageni na mgahawa. Watu wa baadaye walipajua kwa jina la Coffee Tree. Ukikaa kwenye mgahawa ule, mlima unauona wote mawingu yakiwa na huruma.

Mimi hilo jengo nililipita mara nyingi bila kulitazama. Lina sura ya ofisi ya umma na rangi ya ofisi ya umma. Siku nilipojua lilijengwa na nani na lini, nilisimama ng'ambo ya barabara nikahesabu madirisha. Watu ambao desturi ya mji iliwafungia mlango wa hoteli walijenga mahali pao pa kulala, katikati ya mji, kwa fedha ya kahawa waliyoichuma kwa mikono yao. Mkulima wa Uru au Mwika aliweza kupanda ngazi, akavua viatu, akalala kwenye shuka safi, asubuhi akanywa kitu cha moto juu ya paa akiutazama mlima alikotoka. Kitanda tu, sabuni na taulo. Sijui starehe gani nyingine katika mji huu iliyopiganiwa kwa muda mrefu kama hiyo.

Baada ya Uhuru vitanda vya Moshi vikaanza kubeba watu wa aina nyingine. Februari 1963 mji huu mdogo ulipokea mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia. Nyerere aliufungua kwa kuonya kwamba Afrika ilikuwa inagombaniwa kwa mara ya pili. Machi 1979, vita vya Kagera vikiendelea, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana hapahapa Moshi, yakaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Wiki chache baadaye Kampala ikaanguka, Lule akawa rais, na baada ya siku 68 akaondolewa. Huwa najiuliza mapokezi walijazaje kitabu cha wageni wiki ile. Unakijua kitabu hicho: jina, kazi, utokako, uendako. Kwenye gesti nyingine niliwahi kukuta hadi safu ya kabila. Mtu anayetoka uhamishoni kwenda kuwa waziri anaandika nini kwenye uendako?

Miaka hiyohiyo starehe yenyewe ilikuwa imegeuka kitu cha kutiliwa shaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asiishi kibepari. Hoteli kubwa zikawa mikononi mwa serikali, zikijengwa kwa ajili ya watalii waliotarajiwa kushuka uwanja wa KIA uliofunguliwa Desemba 1971. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwemo, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipofungua mlango virudi. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Mji uliozoea wageni kutoka Nairobi na Taveta ukabaki umetazama mlima. Wazee watakuambia juu ya miaka hiyo: ulisafiri na sabuni yako, taulo yako, na sukari kwenye karatasi.

Kisha likaja soko huria, likaja na posho. Kwa kizazi changu safari ya kikazi ni sehemu ya mshahara, tusidanganyane. Semina ya siku tatu ni ada ya shule. Ndiyo maana Rais Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 na kubana safari za nje, semina na mikutano ya hotelini, watumishi waliguna kimyakimya na wananchi wakashangilia kwa sauti. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwananchi aliona kodi yake ikinywa maji ya chupa kwenye kumbi zenye kiyoyozi. Mtumishi aliona pengo la mshahara ambalo hakuna aliyejitolea kuliziba.

Na sisi waandishi? Sisi tuna aina yetu ya hongo, ila kwetu anayetoa ni mwenyeji. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuandika habari za wakulima wa kahawa wa kata moja ya mlimani waliokuwa wakidai malipo yao. Taasisi iliyokuwa ikidaiwa ikasikia, ikanipigia simu kwa upole mwingi. Ikanitafutia chumba Shanty Town, usiku mbili, chakula cha jioni juu yao. Hakuna aliyeniomba chochote. Chumba kilikuwa kizuri, nakiri: vitambaa vya kitanda vyeupe, hita inayofanya kazi, kahawa halisi ya mlimani asubuhi badala ya ile ya kopo. Nililala kama mtoto. Niliporudi nikaandika, na sentensi ya malipo ya wakulima ikaenda aya ya tisa. Hakuna mhariri aliyeipeleka huko. Niliipeleka mwenyewe, na wakati ule niliona ni kuweka uwiano.

Rindi angenielewa vizuri sana. Alijua kwamba anayelala kwa mtu ana deni hata kama hajaambiwa kiasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipewa jembe usiku wa kwanza, nikalima bila kujua.

Ndiyo maana chumba kile cha KNCU kinanirudia akilini. Mkulima aliyelala pale hakuwa mgeni wa mangi, wala wa misheni, wala wa mzungu. Alikuwa amelipa, na jengo lilikuwa la chama chake. Asubuhi angeweza kwenda ofisi za ghorofa ya chini kugombana na viongozi wake juu ya bei ya kahawa, kisha akapanda mlima bila deni. Kwangu mimi hiyo ndiyo starehe yenyewe. Taulo na maji ya moto ni ziada, ingawa ziada nazo nazipenda.

Safari yangu ya mwisho niligawanya. Usiku wa kwanza nililala hoteli ya wastani mjini, nikalipa kwa posho yangu na nikaomba risiti. Dirisha lilitazama mabati ya nyumba ya jirani, ila maji yalikuwa ya moto. Asubuhi nikatafuta kikombe cha kahawa nzuri, nikanunua kwa bei ambayo mama yangu asingeamini, nikainywa taratibu bila kugusa simu. Usiku wa pili nikaenda Pasua. Mama mdogo alikuwa amepika mtori, ametandika kitanda cha mtoto wake aliye chuoni, na ameweka ndoo ya maji ya moto bafuni ikifunikwa kwa sinia ili isipoe.

"Huko hotelini walikupa nini ambacho hapa hakuna?" akaniuliza.

Nikafikiria kumwambia risiti. Nikamwambia hakuna kitu, mama, nikaenda kuoga kabla maji hayajapoa.