Hedifoni zisizo na waya kwa asiyeona: Mambo 8 ya kukagua kabla ya kulipa

Simu janja ya mtu asiyeona huongea. Ukigusa skrini inakutajia jina la programu, inakusomea meseji, inakutajia salio. Shida ni kwamba inaongea na kila aliye karibu. Ukiwa kwa wakala hapo Nyamiaga, kwenye gari la kwenda Ngara mjini au kwenye foleni ya zahanati, jirani yako anasikia aliyekutumia hela, kiasi alichotuma na kilichobaki.

Kwa hiyo hedifoni ni kifaa cha kazi na cha kulinda hela. Lakini hedifoni inayomfaa mtu wa muziki inaweza kumsumbua sana anayetegemea simu inayosoma. Haya ndiyo ya kuangalia, ukiwa unanunua mwenyewe au unamnunulia ndugu, mzazi au mwanafunzi.

Kwanza, jua simu inasomaje

Simu za Android zina TalkBack na iPhone zina VoiceOver. Zote huja na simu, hulipii kitu. Kwenye Android nyingi unaiwasha kwa kubana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde 3. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo pia. Kama simu yako inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, ingia kwenye mipangilio ya maandishi kwenda usemi, ubadilishe lugha. Meseji za Kihangaza au Kishubi zitasomwa kwa lafudhi ya Kiswahili. Hilo linatokana na simu, hedifoni ya bei kubwa haitalibadilisha.

1. Sauti inachelewa kiasi gani?

Hili ndilo la kwanza. Bluetooth hubana sauti, huirusha, kisha hedifoni huifungua. Kazi hiyo inaweza kula kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde, na kwenye hedifoni mbovu zaidi ya hapo. Anayesikiliza wimbo hagundui. Asiyeona anayetelezesha kidole kutoka kitu kimoja hadi kingine anagundua papo hapo: kidole kimeshafika "Tuma", sikio bado linasikia "Futa".

Kwenye menyu za hela kama *150*00# ni mbaya zaidi, kwa sababu dirisha hujifunga ukichelewa kujibu. Ukiona kwenye boksi maneno "Bluetooth 5.2" au "LE Audio", ujue ni teknolojia mpya iliyotangazwa mwaka 2020, inayoweza kupunguza kuchelewa. Ila lazima simu na hedifoni zote ziwe na LE Audio, na kuwa na Bluetooth 5.2 peke yake hakuhakikishi kwamba ipo.

2. Je, inakata neno la kwanza?

Hedifoni nyingi husinzia zikikaa kimya ili kuokoa betri. Simu ikianza kusoma, hedifoni inaamka imechelewa na silabi za mwanzo zinapotea. "Haijatumwa" inasikika "jatumwa". Kwa mtu wa hela, kipande hicho kidogo ndicho chenye maana yote. Muuzaji hawezi kukuambia hili, na huenda hata halijui. Inabidi ujaribu mwenyewe.

3. Masikio yabaki wazi barabarani

Kwa asiyeona, masikio ndiyo yanayoangalia barabara. Wilaya ya Ngara ina malori mengi yanayokwenda na kutoka mpakani Rusumo na Kabanga, na bodaboda hazikosi. Tena Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, hivyo karibu na mpaka ni muhimu zaidi kusikia gari linatokea upande gani.

Epuka kutembea na hedifoni zinazoziba masikio yote mawili, hasa zenye kuzuia kelele. Kuna aina tatu zinazofaa zaidi:

– Zinazopitisha sauti kwenye mfupa. Hukaa juu ya shavu mbele ya sikio, tundu la sikio linabaki wazi. Shokz ni kampuni inayojulikana kwa aina hii. Bei yake iko juu, na kwenye kelele nyingi maneno hayasikiki vizuri.
– Za sikio wazi. Spika yake inaning'inia nje ya tundu la sikio. Ukiongeza sauti sana, jirani anasikia.
– Ya sikio moja. Ile ya kupigia simu. Ni rahisi kupatikana na sikio la pili linabaki huru. Lakini baadhi hupitisha sauti ya simu ya kuongea tu na hazitoi sauti ya TalkBack, kwa hiyo jaribu kabla.

Hata ukiwa na nzuri kuliko zote, ukifika pa kuvuka barabara zima sauti. Fimbo nyeupe na masikio yako vifanye kazi peke yake.

4. Vitufe vya kubonyeza, siyo vya kugusa

Vidude vidogo vya masikioni vingi huongozwa kwa kugusa. Ukikirekebisha tu sikioni, simu inakata au inampigia mtu. Tafuta yenye vitufe vinavyobonyea na vilivyo na umbo tofauti: cha kuongeza sauti, cha kupunguza na cha kupokea simu. Mpe mtumiaji avipapase mwenyewe dukani.

5. Inajitangaza kwa sauti au kwa taa?

Hedifoni nyingi huwasha taa nyekundu na bluu kuonyesha imeunganishwa, inatafuta simu au betri inaisha. Taa haimsaidii asiyeona. Chukua inayosema au inayotoa mlio tofauti kwa kila hali. Kwenye simu nyingi za Android unaweza pia kusikia asilimia ya betri ya hedifoni kwenye mipangilio ya Bluetooth.

Kama inataka programu yake maalumu, ipakue kwanza na uwashe TalkBack. Ukisikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila majina, programu hiyo itakutesa.

6. Ikidondoka, utaipata?

Kidude kimoja kikianguka kwenye majani au kwenye siti ya gari, kukitafuta kwa kupapasa ni kazi. Za shingoni, zile zenye mkanda unaozunguka nyuma ya shingo, hazipotei hovyo. Ukizitoa masikioni zinabaki kifuani. Kwa anayepanda na kushuka vilima vya Ngara kila siku, hizi zina faida kubwa.

7. Chaji na maji

Chagua tundu la chaji la USB-C. Linaingia upande wowote, hivyo huhitaji kupapasa kujua juu ni wapi. Uliza pia kama ukichaji kidogo inakupa muda wa kutosha, maana umeme ukikatika utategemea sola au pawabanki.

Kwa mvua, angalia alama ya IPX. IPX4 inavumilia maji ya kurushiwa na jasho. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Boksi lisilo na alama yoyote, chukulia haipendi maji.

8. Linda masikio yenyewe

Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Sauti ya desibeli 80 ni salama kwa mtu mzima hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Anayesikiliza simu kutwa nzima anafikia kiwango hicho haraka. Badala ya kuongeza sauti kwenye kelele, sogea pembeni. Na asiyeona akipoteza usikivu, anapoteza njia yake ya pili ya kuijua dunia.

Jaribio la dakika 5 dukani

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kutoa hela:

– Unganisha na simu ya mtumiaji mwenyewe, siyo ya muuzaji.
– Washa TalkBack, telezesha kidole haraka kwenye orodha ya majina. Je, sauti inakwenda na kidole?
– Kaa kimya sekunde 30, kisha gusa skrini. Neno la kwanza limesikika lote?
– Pigiwa simu. Anayekupigia anakusikia? Ukikata, usomaji unarudi wenyewe?
– Izime na uiwashe bila kuangalia taa. Umejua imewaka?
– Weka simu mfukoni, tembea hatua kumi. Sauti inakatika?

Ukiagiza Kahama, Mwanza au Kariakoo mzigo ukaja na basi, kubaliana na muuzaji kwa meseji kabla ya kulipa: isipofanya kazi, nani analipa nauli ya kuirudisha? Omba risiti na boksi lake. Jina kubwa kwa bei ya ajabu mara nyingi ni feki.

Kama hela inatosha kifaa kimoja tu

Nunua earphone za waya zenye maiki, kama simu yako bado ina tundu la 3.5 mm. Hazichelewi, hazikati neno, hazihitaji chaji, na unaweza kuvaa sikio moja. Isiyo na waya ije baadaye, ya waya ibaki kwenye begi kama akiba.

Anayefanya biashara anaweza pia kuuliza kuhusu mikopo ya halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa shughuli ya kuingiza kipato, kwa hiyo muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako kama vifaa vya kazi vinaweza kuingia kwenye mpango wa biashara.

Na wewe unayeona: ukimnunulia mtu hedifoni, nenda naye dukani. Macho yako yatapenda rangi na boksi. Masikio na vidole vyake ndivyo vitakavyoitumia kila siku, kwa hiyo mwache achague yeye.